Rejea ya Kumi na Nne

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa kamati ya nidhamu, na ninyi wenzangu mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: mmeniita nijibu shtaka moja, kwamba nimezuia kwa makusudi makala ya taasisi isiende kuchapishwa. Shtaka hilo ni la kweli. Sikuja kulikana. Nimekuja na daftari langu la masika haya, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kuwapangieni maandishi nimejifunza kwamba anayedai jambo sharti aonyeshe ukurasa. Nitasoma kama nilivyoandika, pamoja na mahali ninapojiaibisha.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka alfajiri, ikaondoka kabla watu hawajapata la kulalamika. Profesa amenikabidhi makala yake kwa mikono miwili. Kurasa ishirini na sita, majedwali manne, marejeleo arobaini na moja. Inaeleza kalvati za barabara zetu ziwe na upana gani ili maji yapite chini bila kubomoa njia. Ikichapishwa, mwongozo mpya wa ujenzi utaifuata hesabu kwa hesabu, na kalvati za kwanza za mwongozo huo zitawekwa kwenye barabara ya mtaani kwetu, ile ambayo mama yangu huivuka kila siku akienda kwenye cherehani yake.

"Hii ni ya mwisho kabla sijastaafu," Profesa alisema. "Ipambe."

"Makala haipambwi, Profesa. Inanyooshwa."

Alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Mtu huyu ndiye aliyenitoa kwenye meza ya wapiga chapa akanifanya mhariri. Sijalisahau hilo, na ninaliandika hapa mapema ili lisisemwe baadaye kwamba nimelisahau.

Jumatano, 6 Machi

Pambizo, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari. Mvua. Chai.

Jumatatu, 11 Machi

Jarida limeleta masharti yake: kurasa kumi na moja za namna ya kuandika kurasa nyingine. Rejea zipewe namba kwa kadiri zinavyotokea. Kila dai lenye tarakimu litajiwe ukurasa. Ripoti ambayo haijachapishwa itajwe pamoja na jumla ya kurasa zake. Mwishoni kuna hati ya kutiwa saini na mwenye kuandaa marejeleo: "Nathibitisha kwamba nimefungua kila chanzo kilichotajwa, na kwamba kinasema kile kinachodaiwa kusema."

Mhandisi, mwandishi wa pili wa makala, alichungulia mlangoni akiwa na kofia yake ya kazi kichwani kama kawaida.

"Mama Mkato! Bado unahesabu nukta? Wenzako tunajenga barabara."

"Jengeni. Zikibomoka mtakuja kuniuliza nukta iko wapi."

"Nukta haijawahi kuua mtu."

Akaenda zake akipiga mluzi. Ni msichana mwerevu, lakini mwerevu wa aina ile inayodhani kila aliyeketi amelala.

Jumanne, 12 Machi

Nimehesabu. Hati kama hiyo nimeitia saini mara thelathini na moja. Vyanzo nilivyovifungua kwa ajili ya hati hizo ni sifuri. Nilikuwa nikihakikisha majina yameandikwa sawa na miaka imo kwenye mabano, kisha naandika jina langu chini. Kila mtu hufanya hivyo. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na leo maneno hayo yamenikaa mdomoni kama mchanga.

Ijumaa, 15 Machi

Jambo dogo. Rejea ya kumi na nne ni ripoti ya zamani ya vipimo vya mvua. Makala yote inaiegemea, kwa kuwa ndiyo inayosema mvua kubwa kabisa ya saa moja katika eneo hili ni milimita sitini na nne. Makala inataja ukurasa wa 121. Ili kutimiza sharti la jumla ya kurasa, nilitazama orodha ya maktaba. Ripoti ina kurasa tisini na sita.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikazitoa makala zetu zote za nyuma zinazotaja ripoti hiyo. Ziko tisa, zimeandikwa na watu sita tofauti. Zote zinasema ukurasa wa 121. Zote! Watoto tisa wenye kovu moja mahali pamoja hawakuanguka kila mmoja kwa wakati wake. Wamerithi. Mmoja alinakili kwa mwingine, naye kwa mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeushika mlango wa nyumba anayodai kutoka.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Nimeshuka chumba cha chini cha maktaba.

"Unataka nini huko?" mtunza maktaba aliniuliza. "Huko tunaweka vitu tusivyovitaka na tusivyoruhusiwa kuvitupa."

"Ripoti ya vipimo vya mvua."

"Rafu ya chini kabisa, nyuma ya bomba. Mtaka cha mvunguni…"

"Najua. Ataumia kiuno."

Ilikuwapo, jalada limevimba kwa unyevu. Kadi ya kuazima ilikuwa na mstari mmoja tu: Profesa, miaka kumi na tisa iliyopita, aliichukua Jumatatu akairudisha Jumanne.

Niliisoma palepale nikiwa nimeketi juu ya kasha, ukurasa kwa ukurasa. Sitini na nne imo. Iko kwenye muhtasari, na tena kwenye ukurasa wa 38, na chini yake wapimaji wale waliandika hivi, nami ninanakili herufi kwa herufi: "Kipimio chetu hakipokei zaidi ya milimita 64, kikifika hapo, maji hutoka kwa tundu la ubavuni. Mara tano katika masika haya kilijaa kabla saa haijaisha. Mvua halisi ya saa hizo haijulikani. Tarakimu hii isitumike katika usanifu."

Nilikaa pale mpaka mtunza maktaba akaja kuuliza kama nimezimia. Tangu hapo sentensi moja inazunguka kichwani mwangu: hatukupima mvua, tulipima chupa.

Ijumaa, 22 Machi

Lakini makala ina vipimo vipya pia. Jedwali la tatu: masika matatu ya karibuni, kilele cha kila masika 64, 64, 64. Profesa ameandika kwamba vipimo hivi "vinathibitisha kwa namna ya kuridhisha" tarakimu ya zamani. Mimi mwenyewe nililinyoosha jedwali hilo wiki mbili zilizopita, nikafurahi jinsi namba zilivyokaa sawasawa katika safu.

Nikapanda paani kwa fundi wa vipimo, ambaye sote tunamwita Bwana Mvua. Alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli akisubiri saa itimie asome.

"Kipimio hiki ni cha lini, Bwana Mvua?"

"Nimekikuta. Ni kama kile cha zamani, kilinunuliwa pamoja nacho. Imara kweli."

"Kikijaa?"

"Kikijaa kinamwaga pembeni. Nakiona kila masika."

"Na wewe unaandika nini?"

"Sitini na nne. Niandike nini tena?"

"Kwamba kimejaa."

Alinitolea fomu kwenye mfuko wa nailoni, akanionyesha kwa kidole kilicholowa. "Dada, tazama. Kuna nafasi ya tarehe, ya saa, na ya tarakimu. Nafasi ya 'kimejaa' iko wapi? Niliwahi kuiandika pembeni, mwaka ule wa kwanza. Ikarudishwa. Wakasema nisichafue fomu."

Nilimuuliza ni nani aliyeirudisha.

"Ofisi ya uhariri," akasema, akatazama kando kwa adabu.

Ofisi ya uhariri ni mimi.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Sikuandika neno kazini wala hapa.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemwendea Profesa na ripoti mkononi. Nikaifungua ukurasa wa 38 mezani pake. Alisoma polepole, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani kana kwamba macho ndiyo yenye makosa.

"Nilisoma muhtasari," alisema hatimaye. "Nilikuwa na siku moja. Tasnifu ilikuwa inadaiwa."

Nilimwonea huruma, na ninaliandika hilo pia. Kama angeishia hapo ningekuwa upande wake mpaka leo. Lakini alivaa miwani, na pamoja na miwani akakivaa cheo.

"Sitini na nne imetumika miaka kumi na tisa."

"Imetumika, Profesa. Haijathibitishwa."

"Na vipimo vipya?"

"Chupa ileile."

"Mama, wewe ni mhariri bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Bila wewe taasisi hii ingeandika kama watoto."

Nilikitambua kilemba hicho. Kimesukwa kwa ukoka. Nikasema asante, nikasubiri.

"Basi," akasema kwa sauti nyingine, "kazi yako ni nukta na mkato. Mvua tuachie sisi."

Jumanne, 9 Aprili

Leo saa tisa mchana mbingu ilifunguka. Nilikuwa nyumbani kwa ruhusa, nimemwahidi mama kumsaidia kupanga vitambaa. Alikuwa na mkebe mkubwa wa vifungo, wenye pande zilizonyooka kama ukuta. Nikamwaga vifungo, nikauweka mkebe uani mbali na paa. Mama alidhani nimerukwa na akili. Kisha nikamweleza, naye akachukua saa ya ukutani akaiweka mapajani ili asipitwe na dakika.

Saa moja ilipotimia alitoka mwenyewe na tepu yake ya ushonaji, akaizamisha.

"Tisa na kidogo," alisema. "Kumbe na mvua hupimwa kiuno!"

Sentimita tisa na nukta moja. Milimita tisini na moja. Siyo kipimo cha kisayansi, na sitakiweka kwenye makala ya mtu yeyote. Lakini kalvati ya sasa ya barabara yetu ilishindwa leo. Maji yalipita juu yake, yakabeba kingo zote mbili pamoja na nusu ya njia, na mama asingekuwa nami nyumbani angekuwa anaivuka saa ile. Alilisema yeye mwenyewe, bila kupandisha sauti, huku akivirudisha vifungo mkebeni kimoja kimoja.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeandika kurasa nyingi za hasira juu ya watu wasiofungua vyanzo. Leo nimefika mwanzo wa mnyororo.

Kati ya maandishi yote yanayotaja ukurasa wa 121, la zamani kuliko yote ni tasnifu ya Profesa. Nakala iko maktaba. Nikafungua orodha ya marejeleo. Kumi na nne: ripoti ya mvua, ukurasa wa 121. Kumi na tano, mstari unaofuata: kitabu cha udongo, ukurasa wa 121. Cha udongo ni sahihi, nimekihakiki. Aliyekuwa akipiga chapa aliteleza jicho akauchukua ukurasa wa mstari wa chini, akaupachika juu.

Kwenye ukurasa wa shukrani Profesa amemshukuru "mpiga chapa wetu kijana, kwa umakini wake usio na kifani." Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimeununua wino wa taipureta kwa pesa zangu, na nilijivunia mstari huo hata nikamsomea mama.

Ni mimi niliyeuweka ukurasa usiokuwapo. Ni mimi niliyerudisha fomu ya Bwana Mvua. Ni mimi niliyetia saini mara thelathini na moja. Nilikuwa nimejiandaa kusimama mlangoni na fimbo, kumbe mwizi alikuwa ameshaingia, na amevaa viatu vyangu.

Nimefikiri siku nzima kama hilo linanifunga mdomo. Jibu ni hapana. Linanifungua.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwambia Profesa kila kitu kuhusu ukurasa wa 121. Uso wake ukapata nuru ya mtu aliyeona mlango wa nyuma.

"Basi kosa ni lako."

"La ukurasa, ndiyo. Niandikeni."

"Hakuna haja ya kuandikana. Weka ukurasa wa 38, tia saini, tumalize. Rejea itakuwa sahihi. Umbo sahihi, ukurasa sahihi, jumla ya kurasa sahihi. Hakuna jarida litakalopata cha kulalamikia."

"Ukurasa wa 38 unasema tusitumie tarakimu hiyo."

Akainama kuelekea kwangu kama mzazi anayemweleza mtoto namna dunia ilivyo.

"Mama. Nani ataufungua?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka kumi na tisa ilikuwa imejibu: hakuna. Nilitazama hati mezani, kalamu yake ya dhahabu juu yake, na nikajua kwamba rejea ile ikiwekwa vizuri namna hiyo itakuwa uongo mzuri kuliko wote niliowahi kuunyoosha.

"Mimi," nikasema. "Nimeshaufungua."

Alhamisi, 18 Aprili

Sikusaini.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikusaini. Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Barua ya onyo, aya tatu. Ina makosa mawili ya alama. Nimeyasahihisha kwa penseli na kuirudisha ofisini kwa kumbukumbu.

Mama ameuliza kama nitafukuzwa. Nikasema huenda.

"Kwa sababu ya mvua?"

"Kwa sababu ya ukurasa."

Alikuwa anafumua pindo la gauni la mteja. "Mwanangu, mteja hutazama nguo kwa mbele. Fundi huigeuza. Wakikufukuza kwa kuigeuza, basi walitaka mteja, hawakutaka fundi." Akakata uzi kwa meno. "Na cherehani ya pili ipo, ila usiiguse mpaka ujifunze kukaa kimya. Wateja wangu hawapendi mabishano."

Ijumaa, 3 Mei

Mhandisi amekuja ofisini kwangu, kofia mkononi. Amefunga mlango. Nilimngoja aseme Mama Mkato.

"Dada," akasema, "nilipanda paani jana kwenye ile mvua ya mchana. Nilisimama na Bwana Mvua. Nimeona maji yanatoka ubavuni."

"Ndiyo."

"Jedwali la tatu nililitengeneza mimi. Nilikuwa naletewa fomu mezani kwangu. Sijawahi kupanda zile ngazi. Profesa ndiye atakayesaini maombi yangu ya masomo. Sijui nitasema nini kwenye kikao."

Zamani ningemwambia la kusema. Nimemsogezea kiti, nikammiminia chai, nikamwambia la kuandika pembeni mwa fomu ni neno moja tu, na Bwana Mvua alikwisha kuliandika kabla yetu sote. Nilimdhania vibaya msichana huyu. Ana miaka ishirini na minne, na amepanda ngazi miaka kumi na sita mapema kuliko mimi.

Jumatatu, 13 Mei

Wito wa kikao umefika. Nimepanga marejeleo yote arobaini na moja upya, kila rejea nimeifungua chanzo chake. Arobaini ni safi. Ninajivunia arobaini hizo.

Jumanne, 14 Mei, saa mbili asubuhi

Wingu zito. Nimemwomba Bwana Mvua jambo moja, naye amekubali. Nimeazima mkebe wa mama. Vifungo vyake nimeviacha kwenye sufuria, na amesema nikivipoteza nisirudi nyumbani.

Hapo ndipo daftari linapoishia, Mheshimiwa Mwenyekiti. Sasa ninasema bila kusoma.

Ripoti hii hapa mezani, kurasa tisini na sita. Nimeweka uzi mwekundu kwenye ukurasa wa 38. Hati hii hapa, na nafasi ya saini iko tupu. Sikuichana wala sikuificha. Siombi msamaha kwa kuizuia. Ninaomba msamaha kwa zile thelathini na moja, na orodha yake nimeiambatisha, ili zifunguliwe moja baada ya nyingine, na mimi wa kwanza kuinama rafuni. Mkiniondoa, niondoeni kwa jina langu na kwa sababu yake kamili, muiandike kwenye kumbukumbu, na mtaje ukurasa. Na kama katika chumba hiki yupo anayeona makala hii iende leo kama ilivyo, simzuii tena. Kalamu ni hii. Aufungue ukurasa, ausome kwa sauti mbele yenu, kisha atie saini yake mwenyewe mahali pangu.

Naona hakuna mkono unaokuja mezani. Profesa, hata wako haujaja, na kwa hilo ninakuheshimu upya.

Basi tazameni dirishani. Kikao kilifunguliwa saa nne kamili, na mvua ikafunguka pamoja nacho. Bwana Mvua ameweka uani vitu viwili juu ya meza moja: kipimio cha taasisi na mkebe wa vifungo. Saa tano haijatimia bado. Maji yanamwagika ubavuni mwa kipimio, mnayaona hata kutoka hapo mlangoni.

Mkebe wa mama bado unapokea.